Bibi alizaliwa Saint Helena: je, uraia wa Uingereza unatufikia?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, bibi yangu mzaa mama alizaliwa mwaka 1931 kisiwani Saint Helena, eneo la Uingereza katika Bahari ya Atlantiki, akahamia Cape Town pamoja na kaka yake, na huko akaolewa na raia wa Afrika Kusini. Mama alizaliwa Cape Town mwaka 1958, nami nikazaliwa hukohuko mwaka 1986. Watoto wa kaka yake bibi, ambao ni rika la mama, wana pasipoti za Uingereza, ilhali mama alipouliza miaka ya nyuma aliambiwa hana haki yoyote. Inakuwaje damu iwe moja na haki ziwe mbili? Nami nina nafasi gani? Aidha, mke wa kaka yangu ni Mshelisheli ambaye bibi yake alizaliwa Diego Garcia. Je, naye afuate njia hiyohiyo?

JIBU: Ndugu msomaji, aliyemjibu mama yako wakati ule hakukosea kwa sheria iliyokuwapo, ingawa sheria yenyewe ilikuwa ya kibaguzi. Kwa mtoto aliyezaliwa ugenini kabla ya tarehe 1 Januari 1983, uraia ulirithiwa kwa baba, tena baba aliyefunga ndoa na mama wa mtoto, mama hakuhesabiwa. Ndiyo maana watoto wa kaka yake bibi waliupata na mama yako akaukosa. Mwaka 1983 ndugu hao waliwekwa katika fungu la raia wa maeneo tegemezi, yaani makoloni ya Uingereza yaliyobaki kama Saint Helena, ambayo sasa huitwa maeneo ya ng'ambo, na tarehe 21 Mei 2002 wakawa raia kamili wa Uingereza kwa nguvu ya sheria, pasipo kuomba, pamoja na raia wengine wote wa maeneo ya ng'ambo isipokuwa wale ambao uhusiano wao ni na kambi za kijeshi za Uingereza za Akrotiri na Dhekelia, huko Kuprosi, peke yake.

Kwa mama yako mambo yamebadilika. Tangu tarehe 28 Juni 2022, mtu ambaye angekuwa raia laiti akina mama zamani wangeweza kurithisha uraia sawa na akina baba, anaweza kusajiliwa kuwa raia wa eneo la ng'ambo, na kwa msingi huo kuwa raia wa Uingereza pia. Kwa maelezo uliyoyatoa, naona haki yake iko wazi, na kazi iliyobaki ni ya makaratasi. Atahitaji cheti cha bibi cha kuzaliwa kutoka Saint Helena, cheti cha ndoa kinachoonyesha jinsi jina la ukoo lilivyobadilika, na cheti chake mwenyewe kilicho kamili. Nasisitiza neno kamili, kwa sababu cheti cha muhtasari kisichotaja wazazi hakimuunganishi na bibi hata kidogo. Ikiwa jina la bibi limeandikwa kwa tahajia mbili tofauti, tofauti hiyo ielezwe kwenye maombi tangu mwanzo, isisubiri kuulizwa.

Kwako wewe sina habari njema. Uraia atakaoupata mama ni wa kurithi, na kwa kawaida uraia wa namna hiyo haumfikii mtoto aliyezaliwa nje ya Uingereza na maeneo yake. Hata kama mama angekuwa raia tangu azaliwe, wewe wa mwaka 1986 usingeupata kwake, kwa hiyo hakuna dhuluma ya zamani ambayo marekebisho yangeweza kukuondolea. Nikuonye pia kuhusu viza ya nasaba, ile wanayopewa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye babu au bibi mzaliwa wa Uingereza, kwani wengi huikimbilia wakidhani koloni lilihesabika kuwa Uingereza. Inatambua Visiwa vya Channel na Kisiwa cha Man, lakini Saint Helena haimo, na ada ya maombi iliyokwisha kulipwa si rahisi kurudi.

Shemeji yako ana njia yake, nayo ni pana zaidi. Wakazi wa visiwa vya Chagos, ambavyo Diego Garcia ni kimojawapo, waliondolewa kwao kati ya miaka ya 1968 na 1973 na kupelekwa Morisi na Shelisheli, hivyo watoto na wajukuu wao wakazaliwa ugenini pasipo hiari yao. Kwa sababu hiyo, tangu tarehe 23 Novemba 2022 kila mzao wa moja kwa moja wa mtu aliyezaliwa visiwani humo, awe mjukuu au kitukuu, anaweza kuomba, mradi hajawahi kuwa raia wa Uingereza wala wa eneo la ng'ambo. Maombi hayana ada. Lakini muda una kikomo: ikiwa siku ile alikuwa ametimiza miaka 18, ni lazima aombe kabla ya tarehe 23 Novemba 2027, na kwa kuwa kumbukumbu za kuzaliwa na za ubatizo za Chagos huchukua muda kutafutwa, aanze sasa kukitafuta cheti cha bibi yake.