Bonasi ya mawakili wachanga: maswali yenu

Barua nyingi za msimu huu zimetoka kwa mawakili wa mwaka wa kwanza hadi wa nne, Nairobi na Mombasa. Nimechukua tano.

Wakili, niliacha kazi Novemba 20. Ofisi imelipa bonasi Desemba. Naweza kudai?

Mkataba wako unasemaje? Swali hili limenijia mara tatu na hakuna hata mmoja aliyeninukulia kifungu. Mikataba ya wateja mnaisoma mpaka nukta, ya kwenu mnaitia sahihi mkiwa mmesimama mapokezi. Ikiwa imeandikwa "kwa hiari ya ofisi" na "awe kazini siku ya malipo", huna pa kushika.

Niliahidiwa 100,000, zikaingia 67,000 hivi. Nimeibiwa?

Hapana. Bonasi ni mapato ya ajira. Kwa viwango vya 2025, mshahara wako unaotozwa kodi ukishapita 32,333 kwa mwezi, ofisi inaweza kuikata bonasi hiyo kwanza ushuru wa nyumba 1.5% na bima ya afya ya jamii 2.75%, kisha kodi ya 30% kwa kinachobaki. Dai hati ya malipo yenye mchanganuo. Ni haki yako kisheria. Na usikope kwa kutegemea bonasi ambayo haijaingia.

Mimi ni mwanagenzi, bado sijaapishwa kuwa wakili. Nimeleta mteja wa ardhi, na wakili wangu ameniahidi 10% ya ada. Nidai kwa maandishi?

Usidai wala usipokee. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inakataza wakili kugawana ada na asiye wakili, na kutafutia wakili wateja kwa malipo ni kosa. Utaapishwa kesho ukiwa na doa. Dai posho ya kila mwezi na nauli ya kwenda mahakamani. Ofisi inayokukimbiza mahakama za Milimani kila asubuhi bila nauli haikufundishi kazi, inakutumia.

Nilikuwa likizo ya uzazi miezi mitatu. Ofisi imesema saa zangu za kazi za wateja hazikufika lengo, bonasi sifuri.

Dada, hapa usinyamaze. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miezi hiyo kwa mshahara kamili, na inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito. Waandikie barua yenye tarehe, uombe kanuni waliyotumia kuhesabu, kisha uweke saa zako za ile miezi tisa mbele yao. Wakikataa, iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na una miaka 3 ya kufungua madai. Wabia mnaosoma hapa: mkimwadhibu mmoja kwa kujifungua, wanawake wote wa ofisi yenu wameanza kutafuta kazi kwingine.

Nina ofisi ndogo, mwaka umekuwa mgumu. Nitoe kidogo au nisitoe, vijana wasivunjike moyo?

Kinachowavunja moyo zaidi ni siri. Nikiwa mwaka wa pili, tuligawiwa bahasha za kaki Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi. Nilihesabu yangu kwenye ngazi: 15,000. Mwenzangu, tuliyefanya naye faili lile lile la uhamisho wa ardhi tangu Machi, alipata 40,000. Aliniomba radhi kwa pesa aliyoitolea jasho. Hakuna aliyetuambia sababu. Kufikia Aprili sote wawili tulikuwa tumeondoka, na faili likaanza upya mikononi mwa mtu asiyemjua mteja.

Ofisi kubwa za New York zina makosa mengi, na saa zao zinawamaliza vijana, lakini hili wanalijua. Mwishoni mwa 2023 ofisi ya mawakili ya Milbank ilitangaza bonasi kulingana na mwaka ambao wakili alihitimu, kuanzia dola 15,000 hadi 115,000, na ofisi nyingine zikafuata. Kila mmoja alijua fungu lake na la jirani yake.

Huhitaji dola. Waite wote mezani, waonyeshe ada zilizoingia na zile ambazo wateja bado hawajalipa. Sema mwaka ujao bonasi itahesabiwa kwa nini hasa, uandike, utie sahihi. Na kama sasa hakuna cha kutoa, angalau lipia vyeti vyao vya uwakili vya mwaka ujao; vya mwaka huu vinaisha Desemba 31. Waambie leo, kabla hawajaenda kukopa ada hiyo kwenye simu.