Swali Hili Tena! Majibu kwa Waliopandikizwa Viungo

Mwaka wa tatu huu na figo mpya, vipimo safi, najisikia mzima. Kwa nini nisipunguze dawa za kutuliza kinga?

Swali hili tena! Ndugu yangu, unajisikia mzima kwa sababu ya hizo dawa. Mwaka 1954 kule Boston, figo ya kwanza kupandikizwa kwa mafanikio ilitoka kwa pacha wa kufanana wa mgonjwa, ndiyo maana mwili haukuikataa. Wewe pacha wako yuko wapi? Wala usingoje maumivu. Figo ikikataliwa mara nyingi haiumi. Kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja, hupanda kimyakimya, na siku unayoona miguu imevimba, uharibifu umeshatangulia. Dozi inapunguzwa na daktari mwenye majibu ya vipimo mkononi, basi.

Nimesahau dozi ya saa mbili asubuhi, nimekumbuka saa nne. Nimeze?

Meza. Ungekumbuka saa kumi na mbili jioni, ungeiacha ukangoja ya saa mbili usiku. Usimeze mbili kwa mpigo.

Naweza kula balungi?

Hapana. Juisi yake pia hapana.

Takrolimasi, dawa yangu ya kutuliza kinga, imepanda ghafla kwenye damu na dozi ni ileile. Maabara wamekosea?

Kabla ya kuwalaumu, niambie: ulimeza kidonge ndipo ukaenda kutolewa damu? Kipimo hiki huchukuliwa takriban saa 12 baada ya dozi ya usiku, kabla ya ile ya asubuhi. Kidonge changu hukaa mfuko wa shati. Pamba ikishabandikwa mkononi ndipo nakitoa, na chupa ya maji ninayo. Kama hukumeza, je, uliharisha wiki ile? Kuhara huipandisha. Flukonazoli ya fangasi huipandisha, klarithromaisini vilevile, wakati rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya. Muuza dawa hawezi kujua una kiungo cha mtu mwingine mpaka umwambie, nanyi hamsemi.

Mgongo unaniuma, jirani kanipa diklofenaki.

Mrudishie, na shukrani. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na takrolimasi nayo hufanya hivyohivyo. Uliza kuhusu parasetamoli. Na kwa kuwa tumefika kwa majirani: yale majani ya "kuongeza kinga" yaacheni. Sisi tunameza vidonge asubuhi na jioni kuituliza hiyo kinga, wewe unaenda kuiamsha!

Mke wangu alipandikizwa figo mwaka jana, anatumia mikofenoleti ya kutuliza kinga. Tunataka mtoto.

Inawezekana, ila si kwa dawa hiyo. Mikofenoleti huharibu mimba na huweza kumletea mtoto kasoro za kuzaliwa. Daktari huibadilisha, mara nyingi kwa azathioprini, angalau wiki 6 kabla ya kuanza kujaribu, kisha anaangalia figo imetulia vipi. Asiiache mwenyewe. Hadi hapo tumieni uzazi wa mpango, na siku ya kliniki uende naye, usimtume peke yake na swali lenu wawili.