Mji wa kubuni unaoaminika: anza na maji na upepo, kasri baadaye

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba unaandika riwaya ya fantasia yenye mji wa bandari, kwamba ramani uliyoichora ina kasri katikati, soko kando yake, ukuta wa mviringo na barabara zilizonyooka hadi malango manne, na kwamba waliousoma mswada wako wameisifu ramani lakini hawauamini mji wenyewe. Nimekuwa nikichora ramani za miji ya kubuni kwa muda mrefu, zangu na za waandishi wenzangu, na kwa maelezo yako naona kwamba mji wako una sura lakini hauna umri. Mji unaoaminika huchorwa kwa kufuata namna ulivyokua: maji kwanza, kisha njia, kisha nyumba za mwanzo, kasri huja baadaye sana, likakaa palipobaki nafasi au pale mwenye nguvu alipopataka.

Kwa kuwa mji wako uko pwani, jiulize mambo mawili kabla ya kuchora jengo lolote: maji ya kunywa yanapatikana wapi, na vyombo vinatia nanga wapi. Mara nyingi hayo mawili hayakai pamoja, na umbali ulio baina yake ndio unaozaa mtaa wa kwanza. Lamu hupata maji matamu kutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, kusini mwa mji, kwa hiyo uhai wa mji mzima unategemea eneo ambalo mgeni angeliona kuwa ni jangwa tupu. Gedi, karibu na Watamu, haukujengwa ufukweni kabisa. Watu wake walichimba visima kwenye mwamba wa matumbawe, na mojawapo ya maelezo yanayotolewa kuhusu kuhamwa kwa mji ule katika karne ya 17 ni kushuka kwa maji ya visima hivyo. Tazama jinsi jambo hilo moja linavyoweza kukupa riwaya nzima.

Nitakupa mfano wa mji niliomchorea mwenzangu mmoja. Nilianza na kisima kimoja juu ya kilima kidogo, nikachora njia tatu za wachotaji kutoka kwenye nyumba tatu za kwanza. Njia hizo hazikukutana kwa pembe mraba, kwa sababu mtu aliyebeba mtungi kichwani hufuata mteremko ulio mpole na hukwepa jiwe kubwa, na baada ya miaka mingi pale alipokwepa huwa kona ya kichochoro. Mbele ya kisima nikaacha eneo tupu, kwa kuwa wanaosubiri zamu wanahitaji mahali pa kusimama. Penye watu wanaosubiri hukosi mwenye kuuza vitumbua, na penye vitumbua huja wa samaki na wa kuni. Soko la mji ule lilizaliwa hapo, likawa na umbo la pembetatu isiyo sawa, na hakuna msomaji aliyewahi kuuliza kwa nini lipo pale.

Baada ya maji, weka upepo. Katika pwani yetu vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na havikuweza kurejea mpaka kusi ianze kuvuma. Maana yake ni kwamba mji wa biashara ulikaa na wageni kwa miezi, si kwa siku, na wageni hao walihitaji mahali pa kulala, maghala ya kuhifadhi shehena, mafundi wa kutia kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta, na kupaka deheni, mafuta ya kuzuia maji yasiingie chomboni, na ufuo mpana ambao chombo kingekaa juu ya mchanga maji yanapokupwa. Unguja, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi. Ramani yako inaonyesha gati moja na mstari mmoja wa pwani, kana kwamba bahari haisogei. Ongeza mstari wa pili wa maji ya kupwa, nawe utaona mara moja wavuvi wanapita wapi na mhusika wako anayetoroka usiku anaweza kutembea wapi kwa miguu. Upepo huohuo utakuambia pia pa kuweka tanuri za chokaa, wakaushaji wa papa na mafundi wa ngozi. Matajiri hawakai upande unaopokea moshi na harufu.

Kuhusu kasri, hakuna sheria inayolitaka liwe katikati. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa Kisiwani katika karne ya 14, lilijengwa mashariki, nje ya mji wenyewe, juu ya jabali linaloitazama bahari.

Zana za ujenzi nazo huamua zaidi ya watu wanavyodhani. Vyumba vya nyumba za kale za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu dari lake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziwezi kuvuka upana unaozidi mita 3 hivi. Kwa hiyo nyumba inakuwa safu za vyumba vyembamba kuzunguka ua, na mji unakuwa mkusanyiko wa safu hizo. Ukishajua urefu wa boriti ya nchi yako ya kubuni, umejua ukubwa wa kila kijisanduku utakachochora. Na hapa ndipo fantasia inapopata nguvu: ikiwa wajenzi wako wanatumia mbavu za joka badala ya mikoko, chumba kinaweza kuwa na upana wa mita 12, lakini basi nionyeshe mbavu hizo zinaletwa kwa njia gani, zinahifadhiwa wapi, na familia ipi inamiliki uwanja wa kuzikaushia. Vivyo hivyo kwa uchawi. Kama mganga mmoja anaweza kuita maji yatoke ardhini, visima havitaufunga mji tena, ila nyumba ya mganga itakuwa kisima, na njia zote zitaelekea kwake.

Sasa umri. Chora mji wa zama za mwanzo kwenye karatasi yake, weka juu yake karatasi nyembamba inayoonyesha chini, kisha chora karne iliyofuata bila kufuta ya kwanza; programu za kuchorea zenye matabaka hufanya kazi hiyohiyo. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821 hivi, ilikuwa ukingoni mwa maji, lakini leo iko ndani ya mji kwa sababu ufuo ulijazwa na majengo yakasogea mbele. Unguja, mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa katika karne ya 20, na jina la Darajani limebaki. Mji wako unastahili alama kama hizo: ngome isiyoona bahari tena, mtaa unaopinda kufuata ukuta uliokwisha bomolewa.

Mwisho, weka skeli. Eneo la Mji wa Kale wa Lamu lililo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001 ni takribani hekta 16, sawa na mraba wenye upande wa mita 400, ambao mtu huuvuka kwa dakika tano au sita. Kwa vipimo ulivyovitaja, mji wako una upana wa kilomita 6, ilhali shujaa wako anatoka bandarini hadi lango la mashariki kabla chai haijapoa. Upunguze mji, au umpe shujaa punda. Ukimaliza, bandika hapa karatasi ya zama za kwanza pamoja na ya sasa, uonyeshe visima, mstari wa maji ya kupwa na mshale wa upepo wa kila msimu, nami nitazipitia njia moja baada ya nyingine.