Punguza bunduki, ongeza risiti

Ndugu, unasema waliosoma rasimu ya riwaya yako hawaiogopi ile kampuni inayotawala mji, ingawa umeijaza walinzi wenye silaha. Mimi ningepunguza bunduki, niongeze risiti. Soma habari za Pullman, mji wa kiwanda cha mabehewa kule Chicago: kampuni ilipunguza mishahara, lakini kodi za nyumba zake ikaziacha palepale. Mwajiri ndiye huyohuyo mwenye nyumba! Mwaka 1894 mgomo ukalipuka. Mpe mhusika wako deni la namna hiyo, linalokua hata akiwa amelala. Na yule bosi anayecheka peke yake gizani (samahani, amechosha) mwondoe. Weka karani mpole anayeomba radhi huku akibadilisha kufuli la mlango.