Mtoto anakwenda kufanyiwa MRI ya kichwa: majibu ya maswali yenu

Maswali ya leo yametoka kwa wazazi ambao watoto wao wadogo wameandikiwa kipimo cha ubongo. Tumeyajibu kwa kirefu pale ambapo kosa dogo la nyumbani linaweza kuharibu siku nzima hospitalini, au kumdhuru mtoto.

Mwanangu wa miaka 3 anapata degedege bila homa. Daktari kaandika MRI, jirani anasema mionzi itamuumiza ubongo. Na je, nimuoshe nywele mafuta yatoke? (Mama, Tanga)

Dada, jirani yako anaizungumzia CT scan. Hiyo ndiyo inayotumia eksirei, na CT ya kichwa cha mtoto humpa mionzi ya takribani millisievert (mSv, kipimo cha mionzi) 2, karibu sawa na ile ambayo binadamu huipata kwa mwaka mzima kutoka ardhini, hewani na angani. Ni ya haraka mno, ndiyo maana aliyegongwa na bodaboda hupelekwa huko kwanza. MRI haina mionzi ya aina hiyo. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio, na kwa mtoto mwenye degedege zisizo na homa huonyesha tishu za ubongo vizuri zaidi.

Nywele kuoshwa bila kupakwa mafuta ni sharti la EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, kwa sababu vinyaya vinavyobandikwa kichwani havishiki kwenye ngozi yenye mafuta. Watu huviita vyote "kipimo cha kichwa", kwa hiyo soma karatasi yako vizuri. Maandalizi yake hayafanani hata kidogo.

Kijana wangu ana miaka 5, mtundu hatulii. Ni lazima apigwe nusu kaputi? (Baba, Morogoro)

Si lazima. Chini ya miaka 4 ni wachache wanaoweza kutulia wenyewe, lakini kuanzia miaka 5 wengi wanaweza wakizoeshwa. Tunakushauri ujaribu, maana kila dawa ya usingizi inayoepukika ni heri.

Kipimo huchukua dakika 30 hadi 45, lakini kimegawanyika vipande vya dakika 2 hadi 6 kila kimoja. Kichwa kikisogea milimita chache tu, kipande hicho hutoka na ukungu na hurudiwa. Mweleze kwamba kelele ikinyamaza bado asigeuze kichwa, kwa sababu picha zinazofuata zimepangwa kulingana na pale kilipolala mwanzo.

Anza mazoezi wiki moja kabla, dakika kumi kila siku. Funika meza kwa blanketi iwe kama pango, tandika mkeka chini yake, alale chali. Mwekee khanga iliyokunjwa huku na huku ya masikio ili kichwa kibanwe kidogo. Kisha shika kikapu cha plastiki chenye matundu juu ya uso wake, kwa sababu kwenye mashine atavishwa kifaa kama kofia ya kizimba, na hicho ndicho kinachowatisha wengi kuliko lile tundu lenyewe. Siku ya kwanza dakika 1, kisha 3, kisha 5. Akisogea, anzeni upya bila kumgombeza.

Sauti nayo aizoee. Tafuta mlio wa MRI kwenye simu, anza chini, upandishe polepole. Inagonga kama nyundo, halafu inabadilika kuwa king'ora. Nyaya zilizosukwa ndani ya mashine hutikiswa na sumaku kila umeme unapobadilika kwa kasi. Mlio wenyewe waweza kuvuka desibeli 100, kwa hiyo atavishwa vizibo vya masikio au hedifoni. Vizibo ajaribu kuvivaa akiwa bado nyumbani.

Mwambie kupumua, kupepesa macho na kumeza mate ni ruhusa. Kuongea si ruhusa, maana kidevu kikichezacheza kichwa nacho kinacheza. Pua ikimwasha aikune kabla.

Jambo tunaloliomba kwa msisitizo: usimwambie mnakwenda kununua pipi, na usimtishe kwa "ukilia daktari atakuchoma sindano". Mtoto aliyedanganywa au kutishwa huingia chumbani akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Kama atawekewa dawa ya kung'arisha picha, mwambie ukweli: utachomwa kidogo mkononi, utahesabu mpaka tano, basi.

Mzazi mmoja kwa kawaida huruhusiwa kuingia na kumshika mguu, akishavua kila chuma. Mama mjamzito amwachie mwingine nafasi hiyo. Na uliza mapema: akishindwa kutulia, atapewa dawa siku hiyo hiyo? Kama jibu ni ndiyo, aje akiwa amefunga kama anayelazwa usingizi.

Tumeambiwa "asile kitu". Miadi ni saa 3 asubuhi na tunasafiri kwa basi. Hata maji? (Bibi wa mtoto, Singida)

Shikamoo bibi. "Asile kitu" ni agizo lisilotosha, nalo huwatesa watoto bure. Mtoto aliyefungishwa usiku kucha hadi adhuhuri hushuka sukari, hukauka mwili, na mishipa inakuwa migumu kupatikana. Taratibu zinazotumika sana huhesabu saa kurudi nyuma kutoka muda wa dawa: chakula, uji, maziwa ya ng'ombe na ya kopo, saa 6, maziwa ya mama, saa 4, maji matupu, saa 2. Vyakula vya mafuta kama chapati, nyama na chipsi vinahitaji saa 8.

Kwa miadi yako, basi: mlo wa mwisho ni chakula cha usiku kabla ya kulala. Anayenyonya anyonye mara ya mwisho saa 11 alfajiri. Maji au chai ya rangi, mpaka saa 1 asubuhi. Uji hata uwe mwepesi namna gani ni chakula, na juisi ya embe au parachichi pia. Kama hospitali imekupa saa tofauti, fuata zao.

Sababu ni hii. Dawa ya usingizi hulegeza koo. Kilichomo tumboni kikipanda, huingia kwenye mapafu, na mtoto anaweza kufa. Ndani ya basi hakikisha hakuna shangazi wala abiria mwema anayempenyezea biskuti, na akila, sema. Mkisema ukweli, kipimo kitasogezwa mbele tu.

Mtoto ana hirizi, shanga za kiunoni na wanja. Tutoe vyote? (Mama, Lamu)

Vyote. Hirizi nyingi zina kifuko cha bati au uzi wenye waya, na shanga zina kifungio cha chuma. Mkabidhi baba aishike nje, mtamvisha akitoka. Wanja una madini yanayoweza kuharibu picha upande wa macho, na ngozi huweza kuwasha, kwa hiyo muoshe tangu usiku. Hereni, hata zile zisizovuliwa kila siku, bana za nywele, rasta zenye nyuzi zinazometa, pini ya usalama kwenye nepi, zipu, sarafu mfukoni: toa. Fulana za michezo zenye nyuzi za fedha zinaweza kumuunguza. Mvishe pamba tupu.

Sumaku ya MRI ya 1.5 tesla (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ina nguvu kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia, nayo huwa inavuta muda wote, hata pasipo kelele yoyote. Mwaka 2001 huko New York, Marekani, mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani ulivutwa ukamgonga mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya MRI, akafariki. Ndiyo sababu ya yale maswali mnayoulizwa mara tatu mlangoni. Yajibuni yote kila mara.

Binti yetu aliwekewa bomba la kichwa maji. MRI inafaa? (Baba, Mwanza)

Mara nyingi inafaa, lakini aina ya valvu, yaani kile kifaa cha kwenye bomba kinachodhibiti maji yanayopita, lazima ijulikane kabla. Valvu za bei nafuu zinazowekwa sana kwetu, kama Chhabra, zina shinikizo moja lisilobadilika. Zile zinazorekebishwa kwa sumaku kutokea nje zinaweza kubadilishwa mpangilio na MRI yenyewe, hivyo hukaguliwa mara tu baada ya kipimo. Njoo na karatasi ya upasuaji. Kama imepotea, irudie hospitali alikopasuliwa kabla ya siku ya miadi. Wapo pia watoto waliotobolewa njia ya maji ndani ya ubongo bila kuwekewa bomba, upasuaji ulioendelezwa sana katika hospitali ya CURE pale Mbale, Uganda. Hao hawana kifaa cha kuhofia, ila semeni walichofanyiwa.

Mtoto wa miezi 2, naye atapewa dawa? (Mama, Mombasa)

Huenda asipewe. Kama hapewi, aje na njaa na usingizi, anyonye ashibe nusu saa kabla, abadilishwe nepi, azibwe masikio, aviringishwe vizuri kwenye shuka la pamba. Wengi hulala kipimo kizima. Na kwa kuwa utosi wake bado uko wazi, muulize daktari kama ultrasaundi ya utosini ingetosha. Hiyo haihitaji maandalizi yoyote.

Ameamka na mafua siku ya kipimo. Na dawa zake za kifafa? (Mama, Kigoma)

Piga simu kabla hamjatoka. Homa, kikohozi chenye makohozi au kifua kinacholia huongeza hatari ya njia ya hewa kujibana akiwa usingizini, na kuahirisha ni bora. Dawa za kifafa zisikatwe. Kwa kawaida hupewa saa ile ile na funda la maji, isipokuwa mtoa usingizi ameagiza vingine.

Akiamka, tumpe nini? (Baba, Dodoma)

Vijiko vya maji kwanza. Asipotapika, uji mwepesi. Usimfunge mgongoni kwa kitenge akiwa bado analewa, kwa sababu kichwa kikianguka mbele kidevu huziba njia ya hewa. Mpakate umwone uso. Siku hiyo asipande ngazi wala baiskeli. Akitapika mfululizo, akikoroma kwa shida au ukishindwa kumwamsha, rudini hospitali wakati ule ule.