Mlo wa jioni kabla ya tamthilia

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu, wakazi wa Mikindani, Mtwara, tutamtembelea binti yetu London, naye ametukatia tiketi za tamthilia Shaftesbury Avenue. Tule wapi, na saa ngapi?

JIBU: Kwa kuwa maonyesho mengi ya jioni huko huanza saa moja na nusu, na anayechelewa huweza kuzuiwa mlangoni kwa muda, ketini mezani kufikia saa kumi na moja na nusu, mkimweleza mhudumu mapema kwamba mna tiketi. Mimi ningevuka barabara hadi Gerrard Street, mtaa wa Wachina, ambako bata wa kuchoma huning'inizwa madirishani na wali huletwa upesi (si wa nazi kama wenu, lakini unashibisha). Kagueni hati ya malipo: ada ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5, huwa imekwisha kuongezwa, hivyo hamlazimiki kuacha bakshishi nyingine.