Maswali ya Wazazi: "Mwalimu, mimi sikusoma, nitamsaidiaje mwanangu?"

Shule zimefunguliwa wiki tatu sasa na maswali yameingia mengi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechagua yale ambayo naona yanawagusa wengi. Waliotuma majina ya walimu wakitaka niwaseme humu, samahani sana: mimi ni mwalimu mstaafu, sina rungu. Nendeni kwa mwalimu mkuu, mkishindwana naye mpandeni afisa elimu kata.

Mwalimu, shikamoo. Nauza dagaa mwaloni. Shule niliishia darasa la tatu na kusoma kwangu ni kwa kubabaisha. Binti yangu yuko darasa la pili, na mwalimu wake anataka wazazi tukague madaftari. Nitakagua nini nisichokijua? (Mama wa watatu, Kirumba)

Marahaba, mama. Mwalimu hakukuomba usahihishe, hiyo ni kazi yake na analipwa kwa hiyo. Wewe kaa na mtoto, fungua daftari, mwambie, "Hebu nisomee mlichoandika leo." Akianza kusoma usiangalie daftari, angalia macho yake. Mtoto anayesoma macho yanatembea kwenye mstari. Aliyekariri anatazama dari. Mimi niliwahi kumsikiliza mtoto akinisomea ukurasa mzima bila kosa, sauti safi kabisa, na kitabu kimegeuzwa juu chini.

Ukitaka uhakika, weka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa, umuulize hili ni neno gani. Akilitamka pale pale, anasoma. Akirudi juu mwanzo na kuanza kuimba mpaka alifikie, bado. Watu wa Uwezo, ule utafiti wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipoanza kupita kaya kwa kaya mwaka 2010 kupima watoto wa nchi hii, hawakuwa na mashine yoyote. Walikaa na mtoto mmoja mmoja nyumbani kwake, wakampa silabi, akizimudu wakampa maneno, halafu aya, halafu hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Hata wewe unaweza kuona mwanao amekwama ngazi ipi, na ukishaona, nenda kamwambie mwalimu hivyo hivyo: "Maneno anayasoma, aya inamshinda." Mwalimu mwenye watoto mia moja na zaidi atakushukuru, maana umemfanyia kazi ambayo yeye angeipatia nafasi mwezi ujao.

Upande wa hesabu, mama, wewe ndiye mwalimu kuliko mimi. Nilikuwa na mvulana darasa la tatu, kutoa kwa kukopa kulimshinda kabisa. Nikafuta, nikaandika tena, nikachora vijiti, wapi. Jumamosi moja nikamkuta kwenye meza ya mama yake, nikanunua dagaa wa shilingi 650, nikatoa noti ya elfu mbili. Sijafunga mkoba, 1,350 yangu iko mkononi. Jumatatu nikaandika ubaoni 2,000 kutoa 650, nikamwambia, "Mimi ni mteja wako, nasubiri chenji." Akacheka, akajibu. Kuanzia hapo nikamwonyesha kuwa kule kukopa kwa ubaoni ndiko anakokufanya mezani, ila huku tunakuandika.

Kwa hiyo mpe binti yako kazi. Kisado kimoja kimetoa mafungu mangapi? Ukiuza yote utapata shilingi ngapi? Jioni akuandikie mauzo kwenye daftari dogo, halafu akusomee. Mkifika mwisho wa muhula, usishangae ukijikuta na wewe unasoma. Kanda hii ina historia hiyo: kati ya 1968 na 1972 palikuwa na mradi wa UNESCO na serikali yetu, makao yake hapa hapa Mwanza, wa kuwafundisha watu wazima kusoma kupitia kazi zao, mkulima wa pamba kwa maneno ya pamba, mvuvi kwa maneno ya uvuvi. Bibi yako pengine alishika chaki wakati ule. Na ukitaka darasa lako mwenyewe, ulizia kwa afisa elimu kata kama kuna kituo cha MUKEJA, ule mpango wa elimu ya watu wazima, jirani.

Nipo kambi ya uvuvi visiwani, nyumbani Kayenze narudi baada ya wiki tatu. Mke wangu analalamika kuwa watoto wameniona mgeni, mambo ya shule hawaniambii. (Baba, Kayenze)

Ukipiga simu unauliza nini? Nadhani unauliza "Umekuwa wa ngapi?" Mtoto aliyekuwa wa 40 ataanza kuikimbia simu yako. Muulize mwalimu alifundisha nini leo, kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize hata kama anazunguka.

Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yao, havilipiwi isipokuwa bando lako. Ukiwa mahali penye mtandao, fungua kitabu cha darasa la mwanao. Jioni akusomee ukurasa kwa simu na wewe unafuatilia huko huko kambini. Dakika kumi zinatosha.

Halafu, baba, kijana wa darasa la tano asiletwe kambini wakati wa giza, zile siku zisizo na mbalamwezi ambapo dagaa huvuliwa kwa taa, "kusaidia kidogo". Hiyo kidogo ni wiki mbili za masomo, na akirudi anakuta wenzake wamevuka sehemu za desimali, yeye bado yuko bandarini.

Kila tukiitwa kikao ni michango: mlinzi, uji, mitihani, matofali. Nimeacha kwenda. Nimekosea? (Baba, Buhongwa)

Umekosea, ila nakuelewa.

Ada ilishaondolewa, na tangu Januari 2016 elimumsingi ya serikali hailipiwi. Kiwango cha ruzuku kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Igawe kwa siku za masomo, ambazo ni kama 190, unapata chini ya shilingi 60 kwa mtoto kwa siku. Nusu andazi. Sasa toa humo chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika. Ndiyo maana mwalimu mkuu anakuangalia wewe. Chakula cha shuleni nacho, kwa mwongozo wa serikali, wazazi ndio tunaokubaliana na kuchangia, na mimi siupigi vita: darasa lenye watoto waliokunywa uji saa nne na darasa lenye njaa ni madarasa mawili tofauti, nimefundisha yote mawili. Lakini mchango ni makubaliano. Mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu baba hajatoa hela ya mlinzi, hilo halikubaliki, na rais wa wakati huo, Magufuli, alilipigia marufuku hadharani Januari 2018. Kama hela zimetumika, kamati ya shule ibandike mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Huna haja ya kugombana, simama tu uulize karatasi iko wapi.

Ila nataka uende kwa sababu nyingine. Nakiri jambo ambalo walimu wenzangu hawatalipenda: nilipokuwa kazini nilivipenda vikao vya michango. Mnagombana saa tatu nzima juu ya matofali, jua linawachoma, mnaondoka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu darasa langu. Mwaka mmoja tu mama mmoja mfupi, kanga kichwani, alinyoosha mkono akasema, "Darasa la pili wako wangapi, na wasiojua kusoma ni wangapi?" Mwalimu mkuu akanitazama. Sikuwa na idadi. Wiki iliyofuata nilikuwa nayo, na majina. Nenda kikaoni ukaulize swali hilo moja, baba. Rudi muhula unaofuata, uliulize tena.

Mwanangu wa miaka mitano analelewa na bibi yake Misungwi na anaongea Kisukuma tu. Naogopa akianza shule atachekwa. Nimwambie bibi aache? (Mama, Mkuyuni)

Bibi asiache chochote. Mtoto aliyejaa maneno ya lugha moja hajifunzi lugha ya pili mikono mitupu. Anajua tayari hadithi ina mwanzo na mwisho, anajua kuuliza kwa nini, anajua kuhesabu mbuzi wakirudi jioni. Anachokosa ni majina ya Kiswahili ya vitu anavyovifahamu, na majina hayo watoto huyaokota haraka kuliko tunavyodhani. Kinachonitia wasiwasi ni yule ambaye mama anamkataza Kisukuma, Kiswahili chenyewe hana wa kuongea naye, anashinda na televisheni. Huyo anafika darasani kimya.

Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, kwa hiyo hatuwezi kukipuuza. Fanya mambo mawili. Kwanza, aingie darasa la awali, usimrushe moja kwa moja darasa la kwanza. Mwaka ule wa nyimbo na michezo ndiko Kiswahili chake kitakakofunguka. Pili, ukienda kumtembelea mwombe akusimulie kwa Kiswahili ile hadithi aliyosimuliwa na bibi jana usiku. Atakwama, atachomeka neno la Kisukuma, wewe mpe la Kiswahili, aendelee.

Jiandae pia na R na L. Kisukuma hakitenganishi hizo sauti mbili kama Kiswahili, na sisi wa huku tunazichanganya mpaka uzeeni. Mwanafunzi wangu aliwahi kuandika, "Baba amekwenda kupiga kula." Darasa zima likacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Hakuandika sentensi ndefu tena mwezi mzima. Akikosea, wewe litamke neno vizuri ndani ya jibu lako, "Ahaa, baba alikwenda kupiga kura?", na mambo yaendelee.

Nimemwambia mwalimu amchape tu mwanangu, nimempa ruhusa yote. Nimefanya vizuri? (Mama, Igoma)

Ruhusa hiyo si yako kuitoa. Kanuni za 2002 zinampa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, si zaidi ya viboko vinne, na lazima viandikwe kwenye kitabu. Mwambie mwalimu kitu kingine: mtoto analala saa ngapi, asubuhi anakula nini, nyumbani anaogopa nini. Hayo yeye hayajui.

Mtoto anaandika kwa mkono wa kushoto. (Hakusema anatoka wapi)

Mwache aandike. Mwombe mwalimu amweke upande wa kushoto wa dawati ili wasigongane viwiko na mwenzake.

Darasa la mwanangu lina watoto 130. Nikienda kumwona mwalimu si nitamsumbua tu? (Mama, Mabatini)

Ukienda saa mbili asubuhi, ndiyo, utamsumbua. Nenda watoto wakitoka, na uende na jambo moja. Usimuulize "Maendeleo yake vipi?", maana kwa watoto 130 atakujibu "Anajitahidi", na wote wawili mtakuwa hamjaambiana kitu. Muulize, "Juma hili anahitaji kufanya nini nyumbani?" Akikupa kazi ya dakika tano, ifanyeni, na Ijumaa mpelekee daftari alione. Mwalimu akishajua kuwa neno lake nyumbani linafanyiwa kazi, jicho lake litakuwa linamtafuta yule mtoto hata akiwa dawati la nyuma. Si upendeleo, ni ubinadamu wa kawaida.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa ajira mpya, nipo Ukerewe, shule iko karibu na mwalo. Nimeitisha wazazi wa darasa la kwanza mara mbili. Mara ya kwanza walikuja sita, ya pili wanne. Wazazi wa huku hawajali elimu? (Mwalimu kijana)

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuandika. Swali langu ni hili: uliwaita lini? Kama ni wakati wa giza, baba yuko ziwani na taa usiku kucha, na asubuhi mama yuko kwenye chanja anaanika dagaa kabla mvua haijaja. Hao sita waliokuja ni mashujaa. Tazama angani. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni na wanaume wanashona nyavu huku wakipiga soga. Hizo ndizo siku zako. Panga alasiri, dagaa wakishaanuliwa, na uangalie isiwe siku ya gulio.

Wala usiwaite ofisini wakae kwenye benchi wakusikilize. Waite darasani, wakae kwenye madawati ya watoto wao, na kila mtoto amsomee mzazi wake mistari mitatu. Hutuba yako iwe fupi. Asiye na mzazi siku hiyo msikilize wewe mwenyewe. Mimi nilifanya hivyo mara moja, nikatangaza kwa watoto tu, bila barua: "Kesho kutwa mtawasomea wazazi." Barua mtoto huipoteza njiani, lakini yeye mwenyewe akishaambiwa kuwa atasoma mbele ya mama, atamsumbua mama usiku mzima. Walikuja mpaka mabibi, na madawati hayakutosha.